Gari Lisilokohoa

Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji wangu, nimesimama mbele ya depo ya makaa ya Mama Delphine mikono mitupu, na yeye ananitikisia kidole mbele ya wateja wake wote.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitaeleza haraka, maana hasira yangu haipendi hadithi ndefu. Mimi ni Amida, mama yake Yasmine, wa Kamalondo hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kuleta makala, ndivyo tunavyoyaita makaa ya kupikia, kutoka barabara ya Kasenga, na usukani naushika mwenyewe. Nilikuwa na pikapu ya dizeli iliyozeeka, ikiona kilima tu inakohoa, mpaka watu wa kule porini wakaipa jina: Kikohozi.

Nikachoka. Nikachoka na foleni za mafuta, nikachoka na mafundi. Nikaiuza Kikohozi kwa kijana mmoja anayeitwa Guelor, nikaongeza akiba yangu yote, nikanunua pikapu ya umeme. Mpya, nyeupe, inang'aa, kwa bei ya pikapu mbili za mtu mwenye akili.

Ndiyo, gari la umeme. Katika mji ambao tunapika kwa makala kwa sababu umeme haupo. Chekeni, nimezoea. Mume wangu Mahamudu, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka akajichoma sindano.

Tangu siku ile sijapeleka mzigo wa maana hata mmoja. Mara umeme umekatika, mara soketi ya nyumbani imeungua, mara nimegeuzia njiani kwa kuogopa betri. Mama Delphine, ambaye nimemletea makala tangu tukiwa wasichana, akafika mwisho wa subira yake.

"Mama Yasmine, unisikilize muzuri," aliniambia siku ile. "Samedi, magunia makumi mbili, mbele ya jua kuanguka. Kama hapana, kazi yako ninaipatia Guelor. Miye niko na ba-clients, siko na fasi ya kuweka gari ya kuchekea."

Jumamosi, magunia ishirini, kabla jua halijatua: hapo ndipo nilipokuwa nimekabwa. Bila depo ile, pikapu yangu haina kazi. Na pikapu ya umeme isiyo na kazi, nani atainunua hapa mjini? Hata muuzaji wake nilipompigia alijifanya hakumbuki sauti yangu.

Sasa sikilizeni ya Jumamosi.

Ijumaa mchana umeme ulirudi mtaani. Nikachomeka gari kabla hata sijavua viatu. Likaanza kujaa, nami nikaanza kupumua. Alasiri ikanikuta ninaimba jikoni, na mimi siimbi ovyo.

Mlango ukagongwa. Papa Adalbert, jirani yetu, muuza vinywaji baridi, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Mama Yasmine, gari yako iko inakunywa courant ya bantu yote."

"Papa Adalbert, gari haikunywi. Iko inaonja kidogo tu."

"Inaonja? Ampoule yangu iko nyekundu sawa jicho ya mulevi! Congélateur inatetemeka! Kesho iko mariage kwa bajirani, banangojea ma-sucré yangu ya baridi!"

Taa yake, friza yake, harusi ya jirani: nilitaka kumjibu jibu la kumkaa moyoni. Mume wangu akaniwahi. Mahamudu ni mtu wa kupatanisha. Anapenda kupatanisha kuliko kushona.

"Papa Adalbert, tunaelewana," alisema, na mkono wake tayari unachomoa waya wa gari. "Tutatosha gari sasa, congélateur zenu zikamate nguvu. Kiisha, courant ikikatika, gari itawasaidia nayo. Iko na prise kule nyuma."

Nikamgeukia. "Baba Yasmine, weye uko upande ya nani?"

"Upande ya amani."

Amani! Mtu ananunua gari kwa jasho lake, mumewe analigawa kama sahani ya maandazi. Lakini majirani walishaanza kushukuru, na kwetu huwezi kumkatalia jirani mbele ya mlango wako kisha kesho ukampa habari ya msiba. Nikakubali.

Umeme ukakatika kabla ya magharibi, kama kawaida yake. Waya wa Papa Adalbert ukavuka ukuta, ukaingia kwenye soketi ya gari langu. Asubuhi vinywaji vyake vilikuwa baridi ya kuumiza meno. Betri yangu niliyoiacha imejaa karibu yote ilikuwa imebaki nusu na kidogo.

Papa Adalbert akaniletea chupa moja mkononi, na tabasamu. "Kamata sucré, mama. Ya asante."

Nikainywa. Niliinywa kwa hasira, lakini niliinywa.

Nikapiga hesabu. Nikienda taratibu, bila kiyoyozi na bila redio, nitafika kwenye tanuri za makala na nitarudi. Hakukuwa na chaji ya kupoteza. Nikasema bismillahi, nikatoka mjini.

Kabla sijaendelea lazima niwaambie jambo moja kuhusu barabara ile, jambo ambalo nilikuwa nalijua miaka yote bila kujua kwamba nalijua.

Wachoma makala hawakai barabarani. Barabarani wanaweka gunia moja tu, limefunikwa majani mdomoni, na gunia hilo ni la mgeni asiyejua: juu mapande makubwa, chini vumbi. Wao wenyewe wako ndani porini kwenye tanuri zao. Wakisikia injini wanayoijua ndipo wanatoka na magunia ya kweli, yale ambayo makala yake ukiyagonga yanalia kama chuma. Kila mnunuzi wanamjua kwa mlio wa gari lake.

Mmeshaelewa? Mimi sikuelewa mpaka nimefika.

Nilipita kimya. Gari langu lilipita mbele ya njia za wachoma makala, na hata kuku aliyelala barabarani hakuinua kichwa. Nikafika mwisho, sijaona mtu. Nikageuza, nikarudi. Hakuna. Nikageuza tena. Kila nikigeuza, betri inashuka, nami naongea peke yangu ndani ya gari maneno ambayo mhariri hatayachapisha.

Basi nikapiga honi.

Nilipiga ndefu, kwa hasira. Na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana kwenye barabara ile anayepiga honi ni mtu mmoja tu: mtoza kodi wa bandia, wale wanaokuja na kofia na karatasi wasizojua kuzisoma. Mnunuzi hahitaji honi. Nikaona kwa macho yangu gunia moja la pembeni likiondoka lenyewe, linaingia majanini taratibu. Kuna mkono ulikuwa unalivuta.

Nikashuka. "Mama Mwape!" niliita, ajue kwamba ndiye mimi. "Njo miye! Mama Yasmine! Musikimbie!"

Majani yakafunguka, kichwa kikatokea. Ni Mwape mwenyewe, mwanamke anayechoma makala mazuri kuliko wote kule, na mwenye mdomo kuliko wote pia. Tumejuana tangu Yasmine akiwa mgongoni. Nikamchekea. Nikamnyooshea mikono.

Mwape akanitazama. Akalitazama gari jeupe lisilo na sauti. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, akakimbia, ndala moja ikabaki barabarani.

Nilibaki nimesimama na ile ndala. Jamani, nilijiuliza, nimekuwa mbaya kiasi hiki?

Ndipo nikakisikia. Kutoka mbali, nyuma ya kilima, kikohozi. Kikavu, kirefu, kinachoanzia kifuani. Ningekijua hata usingizini.

Na pori likafunguka! Wanawake na magunia kichwani, wanaume na baiskeli zimebebeshwa mpaka zinalala, wote wanakuja mbio barabarani. Makala yangu. Watu wangu. Wanalikimbilia gari langu la zamani, na ndani yake, kwenye kiti nilichokibonyeza mimi kwa miaka, amekaa Guelor na miwani ya jua.

Niliwaendea kwa miguu. Aliyeniona wa kwanza aliangusha gunia. Wa pili akaangusha baiskeli. Watu wote wakarudi nyuma kama wameona nyoka, na Mwape, mguu mmoja peku, akasimama mbele yao.

"Uko muntu ao uko muzimu?"

"Muzimu gani? Niko Amida! Kamata ndala yako!"

Nikamrushia. Ikampiga begani. Akaishika, akaigeuza, akaninusa kutoka mbali.

"Muzimu hairushi kandambili," alisema mtu nyuma.

"Nani alisema niko muzimu?" niliuliza.

Macho yote yakamgeukia Guelor. Guelor akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Mama," alianza, "usikasirike. Bantu banajua sauti ya gari. Nikifika, banakuita weye. 'Mama iko wapi? Mama iko wapi?' Niliwaambia nilinunua gari, hawakusadiki, balisema niliiba. Balikatala kuniuzisha hata gunia moja. Donc nilisema..."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ulikufa. Muzuri, mama! Nilisema ulikufa muzuri, mu kitanda, hukuteseka."

Wallahi, sikujua nimpige na nini.

Mwape alinitangulia. "Nilikulilia, Mama Yasmine! Nilikulilia mpaka sauti ikapotea! Tulilala inje, tuliimba, ba-mama ya kanisa balikuja! Na kuku yangu ya mayai, nilimupatia huyu mutoto apelekee famille yako!"

"Kuku?" Nikamtazama Guelor.

"Ilikuwa mudogo, mama."

Nitasema lililonipata moyoni, kwa kuwa nimeahidi kuwaeleza kila kitu. Niliumia. Kusikia umekufa na dunia imeendelea kununua makala ni jambo linalouma. Lakini pia niliguswa. Watu hawa maskini walikesha kwa ajili yangu. Waliniimbia nyimbo za kanisa, mimi Mwislamu, binti wa Asumani, mjukuu wa watu wa Maniema. Mjini, nikifa leo, majirani watakuja kwanza kuchomoa waya wao.

Nilijifuta macho. Jua lilikuwa limeshapita katikati.

"Mwape, dada yangu, asante kwa machozi yako. Sasa niuzishe magunia makumi mbili, nirudie. Delphine ananingojea."

Mwape akatikisa kichwa. "Apana."

"Namna gani, apana?"

"Weye tulikulilia. Kilio yako bado haijatoshwa. Siye hatuuzishane na muntu yenye iko bado mu kilio. Ile makala itakuzimia mu moto. Tutoshe kilio kwanza."

"Lini?"

"Sasa. Marehemu eko hapa, tutangojea nani?"

Nilibisha. Nilibisha mpaka sauti yangu nayo ikaanza kupotea. Lakini mchoma makala akisema hauzi, hauzi. Ningerudi mjini na betri na bila gunia. Basi nikasema haya, tuondoe kilio, tumalize matanga yangu, upesi.

Kumbe upesi kwao ni bukari, ule ugali wetu, mboga, hotuba na ngoma. Na ngoma ya siku hizi ni baffle, spika kubwa ya vijana wa kwaya, ambayo ilikuwa imelala miezi mingi kwa kukosa mafuta ya jenereta.

Guelor, yule yule, akakohoa kidogo. "Gari ya mama iko na prise kule nyuma," alisema.

Nilimtazama kwa jicho ambalo lingekausha mtu mwenye aibu. Yeye hana.

Mama yangu alikuwa akisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Niliuacha mbachao wangu, sasa msala umegeuzwa jenereta ya kijiji. Waliichomeka baffle. Baada ya baffle, wakaja na simu zao, zote, zile ambazo huko porini hazishiki mtandao bali ni za tochi na muziki. Mtu mmoja akaleta pasi. Pasi! Anataka kunyoosha shati la kuondolea kilio changu.

Nikacheza. Nifanye nini? Nilicheza kwenye kilio changu mwenyewe, mkono mmoja juu, jicho moja kwenye kioo cha betri. Wimbo mzuri ukianza, watu wanashangilia, mimi najua ni kilomita ngapi zimekwenda.

Mwape alicheza karibu yangu, ameshasahau woga. "Hii gari ulilipa ngapi?" aliniuliza sikioni.

"Bei ya gari mbili."

Akalizunguka, akaligonga kwa kiganja kama anagonga makala. "Haiongee," alisema. "Bei ya mbili, na haiongee hata kidogo."

Ile ndiyo hukumu fupi kuliko zote nilizowahi kupewa juu ya gari lile, na nimeshapewa nyingi.

Walipomaliza, wakatoa makala. Makala meusi, makavu, yanayolia. Magunia ishirini. Nikawasha gari, nikasoma kioo: nikipakia yote ishirini, nitakwama mbali na mji. Nikipakia nusu tu, nitafika kwa shida, huku nimeshika roho.

Mwape akatoa hukumu yake nyingine. Akamnyooshea Guelor ndala.

"Weye uliua mama yetu. Utamubebea magunia kumi, bure, mpaka kwa depo. Na mbele ya Delphine utasema makala iko ya nani."

Guelor akainamisha kichwa. "Nitasema, mama."

Kumi kwangu, kumi kwa Kikohozi. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue balaa hili, mambo yalikaa sawa. Jua lilikuwa limeinama lakini bado lilikuwa na nguvu. Akilini nilishamwona Delphine akihesabu magunia yangu ishirini. Watu wakatuaga, safari hii wakiniaga hai.

Guelor akawasha Kikohozi. Kikakohoa, kijiji kikashangilia. Kikakohoa tena. Kisha kikanyamaza.

Akawasha tena. Kimya. Akashuka, akafungua kifuniko cha tangi la dizeli, akachungulia, akakifunga polepole sana.

"Guelor?"

"Foleni ya mazout ilikuwa murefu, mama. Niliweka kidogo. Nilisema nikiuzisha makala, njo nitaongeza."

"Utaongeza wapi? Mu miti?"

Magari mawili, magunia ishirini, na hakuna mlio.

Guelor akajikuna shingo. "Kule mbele, ku kijiji yenye iko na daraja, bantu banauzisha mazout mu bidon. Haiko mbali. Mama anaweza kunikokota mpaka pale tu. Nikipata mazout, miye nitakukokota mpaka Lubumbashi. Tutafika wote wawili, na magunia yote."

Nilitazama kioo. Nilikuwa na nguvu ya kumvuta mpaka kwenye hayo madumu ya dizeli. Baada ya pale, hakuna. Gari langu lingebaki kama kabati jeupe pembeni ya barabara, na mimi ningekuwa mikononi mwa mtu ambaye akishapata mafuta ana magunia kumi, ana njia mbele yake, na ana Delphine anayemsubiri ampe kazi yangu. Mtu aliyekwisha kunizika mara moja.

Nikimwacha, naingia mjini na nusu ya mzigo. Delphine alisema ishirini.

"Unaapa?" nilimuuliza.

"Naapa, mama."

"Unaapa kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa ile kuku."

Mwape alikuwa ameshaleta kamba, ile nene ya kufungia mizigo. Akafunga ncha moja mbele ya Kikohozi, nyingine nyuma ya gari langu, chini ya ile soketi yenye laana. Akakaza fundo kwa meno. Kisha akasimama dirishani kwangu.

"Ulilipa bei ya gari mbili," alisema. "Bon. Leo ivute mbili."

Nikafunga mlango. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona Guelor, anavaa miwani yake ya jua, na nilijaribu kuona kama anacheka. Sikuweza kujua. Nikakanyaga, gari halikusema neno, na kamba ikakaza.